Stika za Rangi ya Ini

Mtu aliyekiri kosa ndiye aliyekuwa anamharibia Inspekta kazi.

Tangu asubuhi walikuwa ndani ya chumba cha mashine: yeye, Sajini wake, na Daktari wa Wadudu ambaye ndiye mkuu wa kiwanda. Walikuwa wakimtazama Fundi wa Mionzi akiwaonyesha alivyofanya. Fundi alikuwa na pingu mikononi na plasta juu ya jicho, mahali jiwe la mkulima mmoja lilipompata siku ya kukamatwa. Alionyesha mara ya kwanza, ikawa haiwezekani. Akaonyesha tena kwa njia nyingine, ikawa haiwezekani zaidi.

"Anza upya," Inspekta alisema. "Mifuko imefika kwenye kidirisha. Ukafanya nini?"

"Nikaiweka ndani ya Jiko, nikafunga mlango. Sikuwasha."

"Kwa nini?"

"Chuki tu."

"Chuki na nani?"

Fundi alitazama sakafu. "Na kazi."

Jiko ndilo jina wafanyakazi waliloipa ile mashine, ingawa haikuwa na moto wala joto. Lilikuwa kabati zito la chuma lililozungushiwa kuta nene za madini ya risasi, na chumba chenyewe kilikuwa baridi kiasi kwamba Sajini, mtu wa mwili mkubwa, alikuwa amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Kiwanda kilizalisha nzi. Si nzi wa jalalani, bali wale wadogo wa matunda wanaotoboa chungwa likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani yake. Walilelewa kwa mamilioni kwenye sinia za pumba, na walipofikia hatua ya kujifungia ndani ya vifuko vyao vigumu, vinavyofanana na punje za ngano, walipakwa unga wa waridi wa kuwatambulisha, wakatiwa kwenye mifuko ya plastiki, wakapigwa mionzi. Walitoka humo wazima, wana mabawa na wana hamu, ila uzazi umekwisha. Madume wa kiwandani wakimwagwa kwenye mashamba ya machungwa huwapanda majike wa porini, na majike hao hutaga mayai yasiyoanguliwa. Msimu hadi msimu kizazi kinakatika, bila tone la sumu.

Bonde lilikuwa limekaribia kabisa kuwa safi. Kisha msimu huu machungwa yakaanza kuanguka yakiwa mabichi, yamejaa funza. Daktari alitega mitego, akanasa nzi wenye unga wa waridi, akawafungia pamoja kwenye tundu. Mayai yao yakaanguliwa. Hapo ndipo polisi walipoitwa, kwa sababu nzi waliokuwa wakiangamiza bonde walikuwa wametoka humu humu kiwandani bila kuguswa na mionzi.

"Na stika?" Inspekta aliuliza.

Kila mfuko ulibandikwa stika ya njano ambayo ikipita kwenye mionzi hugeuka nyekundu. Mfuko wenye stika ya njano haukuruhusiwa kutoka. Kama Fundi hakuwasha Jiko, stika zingebaki njano, na dereva wa kumwaga nzi angeikataa mifuko hiyo hapo hapo.

"Nilibandua stika nyekundu kwenye mifuko ya zamani, nikabandika kwenye mipya."

Inspekta alimwambia Sajini amfungue pingu, akampa Fundi mfuko wa zamani. Fundi alijaribu kubandua kwa ukucha. Stika ikachanika katikati. Akajaribu nyingine, ikachanika vipande. Akapewa wembe. Ya tatu ikatoka nusu, nyingine ikabaki imeng'ang'ania plastiki.

"Siku ile hazikuchanika," Fundi alisema.

"Siku ile gundi ilikuwa likizo?" Sajini aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Inspekta alimrudishia Fundi pingu mwenyewe, akazifunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akazilegeza. Wenzake kituoni walimwita Bi Kwanini, na si kwa kumsifu. Wengine walidai kwamba hata akiletewa mwizi na kuku mkononi, angemuuliza kuku kwanza.

Nje, Sajini alimpa maoni yake bila kuulizwa. Alisema katika miaka yake yote ya kazi ameona washukiwa wanaokataa na polisi wanaolazimisha. Hii ya mshukiwa kulazimisha na polisi kukataa hakuwahi kuiona, na hakujua hata inaandikwaje kwenye jalada.

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa Mkuu wake wa kituo. Alitaka kujua kwa nini jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka, wakati mtu amekiri kwa hiari yake mbele ya mashahidi. Inspekta alieleza habari ya stika. Mkuu alisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri mwenzake amalize ili aseme alichokuwa anasema. Alitaka jalada kabla ofisi hazijafungwa. Akakata.

Inspekta alikuwa amekwisha kupoteza muda mwingi kwa mtu mwingine, na hilo Mkuu hakulisahau. Mwuza dawa za kilimo pale mjini alikuwa ameapa hadharani kwamba atawakomesha watu wa nzi, kwa maana tangu waanze, dawa zake zilikuwa zinakaa rafuni hadi zinashika vumbi. Inspekta alimfuatilia kwa uhakika wote, akapekua ghala lake, akawahoji wateja wake. Mwisho akagundua kwamba msimu mzima mtu huyo alikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa kwa kamba. Mashahidi walikuwa wake zake wawili ambao hawasemezani, kwa hiyo haikuwezekana kwamba walipanga.

Getini wakulima walikuwa wamekaa tangu juzi. Walikuwa wameleta machungwa yaliyooza kwa matoroli, wakayamwaga barabarani, na harufu ilikuwa imeingia hadi kwenye nywele za watu. Mjane mmoja alikuwa mbele yao, viganja vimefungwa vitambaa. Serikali ilikuwa imeamuru mashamba yaliyoathirika zaidi yafyekwe, na yeye hakutaka mikono ya mtu mwingine iguse michungwa aliyoachiwa na mumewe. Aliikata mwenyewe kwa shoka.

"Mmempata?" alimuuliza Inspekta kupitia nondo za geti.

"Bado, mama."

"Si tumesikia amekiri?"

Inspekta alitazama viganja vile. Akageuka.

Karibu na tangi la maji alikuwa amesimama mke wa Fundi. Na yeye alikuwa mfanyakazi hapo hapo, kazi yake kupima punje zilizopakwa unga, kuzitia mifukoni na kuifunga. Alikuwa ameshika bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, na pua ameiziba kwa ncha ya mtandio. Inspekta alidhani ataulizwa habari ya dhamana, au kama mume anaruhusiwa kula.

"Mmemwingiza tena mle ndani?" mke aliuliza.

"Ndani wapi?"

"Kwenye Jiko."

"Kwenye chumba tu. Mashine imezimwa."

"Hata kama imezimwa, dada. Msimkalishe sana."

Akampa Sajini bakuli, akasogea nyuma hatua kadhaa, kama vile Inspekta na yeye alikuwa ametoka na kitu mwilini.

Sajini alipeleka chakula, akakawia getini kwa mlinzi, akarudi na mzaha wa kiwandani. Alisema Fundi wanamwita Dume la Kiwanda, kwa kuwa ameoa miaka mingi na hana mtoto. Wanaume wenzake humwambia amelizoea Jiko na nzi wake hadi na yeye amekuwa kama wao. Zamani alikuwa anacheka nao. Siku hizi akiitwa hivyo anaondoka.

Inspekta aliuliza mifuko mitupu hupelekwa wapi.

"Mifuko gani tena?" Sajini alishangaa.

"Nzi wakishamwagwa, mifuko inabaki. Na stika zake zinabaki juu yake."

Mifuko hurudi na dereva ili ichomwe. Ila tanuri la taka lilikuwa limebomoka, mafundi wameahidi kuja na hawajaja, kwa hiyo mifuko yote ya msimu ilikuwa imeshindiliwa kwenye magunia nyuma ya kantini. Inspekta aliagiza magunia yaingizwe ndani na kumwagwa juu ya meza za kulia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia kitu kilichompendeza, na hakikudumu.

Stika zote zilikuwa nyekundu. Aligeuza mfuko baada ya mfuko, akitafuta hata mmoja wa njano, au ulioshikwa na gundi mara mbili, au wenye stika iliyobandikwa upande. Sajini aligeuza naye, akilalamika kwamba meza hizi watu wanazilia. Chakula cha mchana cha wafanyakazi kikacheleweshwa. Mpishi akaja kusimama mlangoni na mwiko. Daktari wa Wadudu akaja kuuliza wanatafuta nini, na Inspekta akalazimika kusema kwamba hajui.

Alisukuma kiti kwa mguu, kikaanguka. Akachota mifuko mkono mmoja, akatoka nayo nje ili apate hewa, maana mle ndani taa zilikuwa za kimanjano na pua ilikuwa imechoka.

Mwanga wa jua ukaangukia mkononi mwake, akasimama.

Nyekundu zilikuwa za aina mbili. Nyingi zilikuwa nyekundu ya nyanya, safi, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Chache zilikuwa zimekolea, zimeelekea kahawia, kama rangi ya ini, na upande mmoja zimejikunja kidogo. Alirudi akamshika Daktari mkono na kumtoa nje bila kumwomba radhi.

"Hii imekuwaje?"

Daktari aliinua miwani, akaitazama stika. "Hii haijapita kwenye mionzi. Hii imeungua. Stika hizi zikipata joto kali na zenyewe hugeuka, ndiyo maana tunazitunza kwenye friji."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari ya joto, Inspekta. Uliniuliza habari ya mionzi."

Inspekta alifumba macho kidogo, akayafumbua. Alimuuliza taratibu, neno moja moja, ni wapi ndani ya jengo hili mtu anaweza kupata joto la namna hiyo. Daktari alifikiri. Vyumba vya punje vyote vilikuwa vya baridi. Vyumba vya funza vilikuwa na uvuguvugu tu. Kantini ilikuwa na moto, lakini hakuna mfuko wenye nzi uliowahi kufika kantini. Ilibaki pasi ya kufungia mifuko.

"Iko wapi?"

"Chumba cha kufungashia."

Chumba hicho kilikuwa kidogo na safi. Kilikuwa na mizani, kiti kimoja, na pasi yenyewe, ambayo ilikuwa bapa mbili za chuma zinazobana mdomo wa plastiki na kuuyeyusha. Kidirisha kilielekea kwa Fundi. Mlango mmoja ulielekea chumba cha baridi, ambako punje mbichi zilikaa rafu za kushoto na mifuko iliyokamilika ilikaa rafu za kulia ikisubiri gari. Aliyekaa kwenye kiti kile angeweza kutoka na mfuko, kupita mlango huo na kuuweka kulia, na Fundi upande wa pili wa ukuta asijue kama mfuko huo uliwahi kuwepo.

Inspekta aliomba stika mpya, akaigusisha kwenye chuma. Njano ikapotea. Ikaja rangi ya ini, na ukingo ukajikunja.

"Nani hukaa hapa?"

Sajini ndiye aliyejibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mke wake."

Inspekta alimkuta amekaa kwenye benchi la stoo ya pumba, mahali alipoambiwa asubiri. Inspekta aliweka stika mbili juu ya gunia kati yao, ya nyanya na ya ini. Mwanamke alizitazama, akavuta mtandio, na hakujaribu kukana.

Alieleza kwa sauti ya chini, akirudi nyuma kila mara kurekebisha. Alisema kwenye kikao cha ukoo, mbele ya mashemeji na mawifi, mama mkwe wake alitamka kwamba mwanawe amekwenda kupikwa pamoja na nzi. Shangazi mmoja akashauri aletwe mke mwingine. Mama mkwe akasema hata wakiletwa kumi haitasaidia, tatizo si chungu, tatizo ni Jiko. Wote wakacheka, na mume wake naye akacheka. Walipofika nyumbani alimwomba aache kazi ile. Mume akamweleza habari ya kuta za risasi, na beji anayovaa kifuani inayopima mionzi. Alimweleza vizuri, kama alivyomweleza mara zote. Na kazi hakuacha, kwa kuwa ndiyo aliyoisomea.

"Nikaona kama haachi, basi nimpunguzie," alisema. "Nilikuwa nachukua mifuko michache tu kila asubuhi kabla hajaingia. Ili alifungue lile Jiko mara chache."

"Ulijua nzi wa mifuko hiyo wangezaa?"

"Nilijua. Lakini nilisema ni wachache, watazama kati ya wale wengine. Wote si wamepikwa?" Alifuta macho kwa kiganja. "Sikujua nzi mmoja anaweza kufanya yale yaliyoko getini."

"Mumeo alikuwa anajua?"

"Alijua mwishoni, habari za funza zilipotoka. Aliangalia mifuko, akaniuliza, nikamwambia yote siku hiyo hiyo. Kesho yake akaja kwenu."

"Yote maana yake nini?"

Mwanamke aliweka mkono tumboni, chini ya mtandio, pole pole, kama mtu anayefunika kitu kisiingie baridi.

"Nimepata, dada. Miaka yote ile hakuna. Nimempunguzia tu kidogo, nikapata. Wakija watu kuniambia ile mashine haina neno, waniangalie."

Inspekta alimwandikia maelezo yake, akamsomea, akamwona akitia sahihi. Ulikuwa ushahidi kamili. Ulikuwa umelingana na stika, na pasi, na mlango, na rafu. Kwa namna alivyohangaika kuutafuta, alitegemea angalau afurahi.

Akaenda kwa Daktari, akamuuliza swali moja. Daktari alijibu bila kusita. Beji ya Fundi, tangu siku ya kwanza ya kazi hadi leo, haikuwahi kuonyesha chochote kisichokuwepo kwenye beji ya karani wa mapokezi. Kama kulikuwa na sababu ya wawili wale kukawia kupata mtoto, haikutoka kwenye Jiko. Na kama sasa wamepata, Jiko halikuhusika pia.

Fundi alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, bakuli la chakula mapajani halijafunguliwa. Inspekta aliingia akakaa karibu naye, akafunga mlango.

"Mkeo ameniambia," alisema.

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, upande usio na plasta, akakaa hivyo.

"Afande, andika mimi. Nimekwisha kusema ni mimi. Nani atalalamika?"

"Mimi. Unajua ile mashine haikukugusa."

"Najua. Kujua hilo ndiyo kazi yangu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia miaka yote, hakuamini. Sasa mkimwambia ninyi, na Daktari akasimama mahakamani na beji zake, ataamini." Aliinua kichwa. "Na akiamini, atajua lile bonde limeoza bure. Mimba bado changa, afande. Mimi nitabeba chochote mtakachonipa. Ninaomba hilo moja tu, asiambiwe leo."

Inspekta alimweleza kwamba maelezo yameshatiwa sahihi na hayafutiki, kwamba mke wake ataondoka nao jioni hii, na kwamba yeye mwenyewe atashtakiwa kwa kusema uongo polisi. Alisema yote hayo kwa ukali. Fundi aliitikia kila moja kwa kichwa, akisubiri jibu la lile moja, na hakulipata. Inspekta alishuka.

Simu iliita tena, Mkuu. Aliuliza kama sasa wamemaliza.

"Nimempata," Inspekta alisema. "Si yule uliyenaye kwenye jalada."

Hakusubiri asikie anayosema. Aliizima simu, akaitia mfukoni, akarudi stoo ya pumba. Mwanamke alikuwa amekwisha kusimama, viatu vimefungwa, mtandio umetandwa upya kama mtu anayekwenda msibani.

"Amekasirika?"

"Hapana. Amesema usisimame sana."

Mwanamke karibu atabasamu. Kisha akamtazama Inspekta machoni, kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Na Daktari? Amesema nini kuhusu ile mashine?"

Sajini, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso akatazama nje.

"Sijamuuliza," Inspekta alisema.

Alivua koti lake, akamfunika nalo mabegani, akamtoa kwa mlango wa nyuma unaopitishiwa taka, kwa sababu kule mbele wakulima walikuwa wameanza tena kumwaga machungwa.